Zoazoa Halingoji

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini halikupata kutumika. Tangu alipokabidhiwa basi lake la kwanza watu walimwita Dakika, naye akaitikia, na mwishowe hata mama yake mzazi akaacha kuhangaika na lile la kwenye cheti. Alikuwa dereva wa njia ya jangwani, ile inayoanzia mji wa bwawa, ikapita mahali pasipo na kitu ila mchanga na nguzo za simu, hadi mji wa pili. Aliiendesha mpaka nywele zikamgeuka rangi, na hakuna siku ambayo basi lake lilichelewa kuondoka. Sifa hiyo ni yake kweli, wala hakuna wa kumnyang'anya. Ila zipo sifa ambazo anayezibebea mzigo ni mtu mwingine, na mwenye sifa hata habari hana.

"Basi halina masikio," ndivyo alivyowajibu abiria waliomwomba awasubirie ndugu zao. Alimwacha mwalimu mkuu mmoja akitoka msalani ameshikilia suruali kwa mikono miwili. Alimwacha bwana harusi, na harusi ikafungwa kesho yake kila mtu amenuna. Watu walicheka mpaka mbavu zikauma, maana kuachwa ni kichekesho kikubwa mradi aliyeachwa si wewe.

Halafu siku moja akamwacha mkewe.

Katikati ya njia ile palikuwa na kituo cha kupumzikia, na wote walipaita Kati: bomba moja la maji, vyoo viwili, kibanda cha bati na benchi la saruji. Mkewe alikuwa safarini na binti yao, mtoto mdogo wa kuanza shule, ambaye tumbo lilikuwa linamsokota. Mama akampeleka chooni. Dakika akapiga honi mara ya kwanza, akapiga ya pili. Kondakta akasema, "Mzee, mama watoto bado." Dakika akatazama kioo cha pembeni, akamwona mkewe anakuja mbio, mkono mmoja unamburuta mtoto, mwingine unapunga mtandio. Aliwaona vizuri kabisa. Akaingiza gia.

"Ningemsubiri mke wangu," alieleza baadaye, tena bila kuulizwa, "kesho yake nani angeniheshimu?"

Mama na mtoto walilala Kati, juu ya magunia ya mwenye kibanda. Jangwa likishaingia giza lina baridi ya kupenya mifupa, na mtoto aliharisha mpaka kukakucha. Kesho yake, basi lilipokuwa linarudi, Dakika alisimama pale kituoni, akafungua mlango, akasema, "Pandeni upesi." Basi, ndiyo hayo tu.

Kampuni ikamtunukia saa ya ukutani kwa uaminifu wake. Ikatundikwa sebuleni juu ya televisheni, na kile kisa kikawa cha kusimuliwa kila wageni wanapokuja. Mkewe mwenyewe alijifunza kukichekea. "Mume wangu huyu," alikuwa akisema, "hata kifo kikija kumchukua, kikizubaa kidogo atakiacha kituoni." Wageni hoi kwa kicheko. Binti peke yake ndiye hakuwahi kucheka. Kisa kikifika kwenye mtandio alikuwa anainuka kwenda kuosha vyombo, hata vile vilivyokuwa safi. Na Dakika, kwa miaka yote hiyo, hakupata kumwambia mkewe samahani, hata kwa utani.

Alipostaafu ndipo mbio zilipokuja. Watu wa mbali waliutazama mji ule kwenye ramani wakaona kitu ambacho wenyeji walikuwa hawajakiona: bwawa kubwa, barabara ndefu isiyo na magari, na jua la bure. Wakaleta mashindano ya michezo mitatu kwa mkupuo. Alfajiri mtu anaogelea bwawani akizunguka maboya ya manjano. Akitoka humo anapanda baiskeli, anaifuata barabara ya jangwani mpaka Kati, anageuza na kurudi. Baiskeli anaiacha kwenye gereji ya mabasi, anaanza kukimbia kando ya bomba kubwa la maji, anapita nyuma ya ukuta wa kiwanda cha saruji, mpaka stendi. Yote hayo siku moja, na hakuna aliyemlazimisha. Fundi viatu wa stendi aliuliza watu hawa wamefanya kosa gani huko kwao.

Mbio zilifungwa saa mbili usiku, na nyuma ya mkimbiaji wa mwisho lilipita basi. Lilitembea taratibu, limepigiwa hesabu lifike stendi saa mbili kamili, na yeyote litakayemkuta njiani ameshindwa. Anapandishwa, mkanda wa kifundoni unaomhesabia muda unakatwa kwa makasi, habari yake imekwisha. Watu wa mji walilibatiza Zoazoa. Wenye mbio walipouliza nani anaweza kuliendesha bila kumwonea mtu huruma, vidole vyote vilielekea nyumba moja. Siku aliyopewa ufunguo Dakika alitokwa na machozi, akasingizia vumbi.

Binti yake wakati huo alikuwa mtu mzima, muuguzi katika mji wa mbali, na nyumbani alikuja kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mwaka ule alikuja na baiskeli. Wakiwa mezani akasema, "Mwaka huu nimejiandikisha."

"Kufanya nini?" baba akauliza, ingawa baiskeli ilikuwa imeegemezwa pale pale chini ya saa.

"Mbio. Na nina neno na wewe, baba. Nikifika stendi mbele ya Zoazoa, utamwomba mama radhi kwa siku ile ya Kati. Mbele ya watu, kwa sauti."

Mama akaweka kijiko chini. "Jamani, mimi sijamtuma mtu kuniombea kuombwa radhi."

"Najua, mama. Nimejituma mwenyewe."

Dakika akapangusa mdomo. "Na nikikuzoa?"

"Ukinizoa, habari ya Kati imekufa. Sitaitaja tena, na sitataka kuisikia."

"Usije ukategemea nitakulegezea mwendo."

"Thubutu! Ukinilegezea nitajua, na itakuwa haihesabiki."

Wakapeana mikono. Mama aliwatazama wote wawili, kichwa kigumu huku na kichwa kigumu kule, akakusanya sahani kabla hawajashiba.

Siku ya mbio Dakika alisimama kando ya bwawa tangu maji yangali meusi. Alimtambua binti yake alipotoka majini, kwa ule utembeaji wake wa kutupa mguu wa kushoto, ambao ni wa mama yake. Hakuwa wa mwisho. Akavaa viatu, akapanda baiskeli, wala hakutazama upande wa basi.

Jua lilipopanda, upepo nao ukaamka. Mchanga ulivuka barabara kama maji yaliyomwagika sakafuni, halafu ukainuka, na hakukuwa tena na barabara. Wenye baiskeli wakasimamishwa, wakajikunyata chini ya tuta wamefunika nyuso, na Zoazoa nalo likasimama nyuma yao, madirisha yamefungwa. Ilipita karibu nusu saa nzima kabla mbio hazijaruhusiwa kuendelea.

Ndani ya basi Dakika alikuwa na mwenzake, mshona nguo wa soko kuu, aliyejitolea kazi ya kukata mikanda. Walimwita Mama Makasi, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko hayo makasi yenyewe. Walipofika karibu na Kati, yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Huyu si binti yako? Mbona ameketi?"

Wenzake wote walizunguka pipa la kugeuzia na kuondoka bila hata kuweka mguu chini. Yeye alikuwa ameshuka. Alikuwa amekaa kwenye lile benchi la saruji, anakunywa maji, analitazama basi likija. Lilipokaribia kiasi cha kuonana macho, akainuka, akafunga kofia, akaondoka.

"Anapumzika," Dakika alisema.

Ukweli usemwe: alitaka binti yake ashinde. Mzee yule, ambaye hakupata kumngoja hata mama wa mtoto wake, aliendesha jangwa lote lile la kurudi akimwombea mtu amtangulie. Akaanza hata kuyatafuta maneno. Mama watoto, siku ile. Mama watoto, mimi siku ile pale Kati. Kila alipofika hapo akakwama, kwa sababu hakujua jambo kama hilo linaendeleaje. Hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Lakini mwendo hakuulegeza. Walikuwa wamepeana mikono.

Jua lilizama wakiwa wameshaiacha gereji. Zoazoa likafuata bomba la maji, taa zimewashwa, na humo ndani walikuwepo tayari watu kadhaa waliozolewa, wameinamia magoti. Ndipo redio ya kwenye dashibodi ilipokoroma. Aliyesema alikuwa mtangazaji wa wenye mbio, bwana mmoja aliyekulia ng'ambo, ambaye kazi yake ilikuwa kuchukua maneno ya wakubwa wake na kuyageuza Kiswahili.

"Tahadhari kwa magari yote. Kwa sababu ya upepo, muda wa kufunga umerudishwa nyuma nusu saa. Narudia, umerudishwa nyuma nusu saa."

Dakika akatazama saa yake. Saa mbili, ukirudisha nyuma nusu saa, ni saa moja na nusu. Akabadilisha gia.

"Ngoja kwanza," Mama Makasi akasema. "Wamerudisha nyuma? Watu wamepoteza nusu saa kwa upepo, halafu wanakatwa nyingine? Si wangewasogezea mbele?"

"Labda wanaogopa upepo mwingine. Wanataka watu watoke njiani mapema."

"Labda! Redio si hiyo hapo? Bonyeza uulize."

Kitufe kilikuwa karibu na goti lake. Kwa dereva mwingine yeyote hilo lingekuwa jambo la kufumba na kufumbua. Lakini Dakika alikuwa ameishi umri wake wote akiwadharau watu wanaouliza muda mara mbili, na zaidi ya hapo alijua vizuri kwa nini moyo wake ulikuwa unataka kuuliza. Aliona ni huruma inamdanganya. Akaikanyaga huruma pamoja na mafuta.

"Muda ukishatangazwa haubishaniwi," akasema.

Walimkuta nyuma ya kiwanda cha saruji. Alikuwa anachechemea, soksi moja imelowa damu kisiginoni, lakini anakwenda, na mbele yake taa za stendi zilikuwa zinaonekana, hata muziki ulisikika. Kwa mwendo wake ule ule mbovu angefika kabla ya saa mbili na muda wa kufunga kamba za viatu ungebaki. Aliposikia injini aligeuka, akatazama saa mkononi, akatazama basi. Dakika akasimama sambamba naye, akafungua mlango.

"Panda."

"Baba, bado. Bado nusu saa."

"Wamerudisha nyuma. Imetangazwa redioni sasa hivi."

Mama Makasi akachukua makasi yake. Binti alibaki amesimama kwenye mwanga wa mlango, anahema. Angeweza kukataa. Angeweza kumwambia dereva mwingine kwamba ni mwongo au kalewa, akaendelea na safari yake. Ila huyu alikuwa baba yake, na baba yake alikuwa na makosa yote unayoyajua, lakini la kukosea saa hakuwa nalo. Kama kuna kitu kimoja alichokiamini kwa mtu huyu, ni saa yake.

Akapanda. Akaweka mguu juu ya ngazi, Mama Makasi akakata mkanda. Kisha akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, na Dakika akamwona kwenye kioo.

Zoazoa liliingia stendi saa moja na nusu barabara, kama kawaida yake. Makofi yakakatika. Mratibu wa mbio alikuja mbio ameshika kichwa.

"Mbona mmerudi? Mmeharibikiwa?"

"Muda umekwisha," Dakika akajibu.

"Umekwisha wapi? Tumeongeza! Ni mpaka saa mbili na nusu!"

Waliozolewa wakashuka kwa matusi. Dakika alimtafuta mtangazaji, akamkuta chini ya turubai na kipaza sauti chake. "Wewe si ulisema umerudishwa nyuma?"

"Ndiyo, nyuma. Kutoka saa mbili kwenda saa mbili na nusu."

"Huko ni mbele!"

"Mbele vipi, mzee? Anayekuja nyuma si ndiye anayekuja baadaye?"

"Saa ukiirudisha nyuma inakuwa mapema!" Mama Makasi akadakia. "Hata mtoto wa chekechea anajua!"

Stendi nzima ikagawanyika. Fundi viatu akasema nyuma ni nyuma. Muuza magazeti akasema inategemea umeelekea wapi. Walibishana kwa raha kabisa, kama wanaobishania mpira, na wakati wanabishana saa kubwa ya taa nyekundu iliendelea kuhesabu pale juu ya mstari, na wakimbiaji waliobahatika kufika mbele ya basi waliendelea kuvishwa medali. Mratibu akasema anasikitika sana. Mkanda ukishakatwa umekatwa. Sheria hiyo ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa basi.

Binti alishuka wa mwisho. Mama yake alikuwa amengoja tangu mchana chini ya mwavuli, na mwavuli ulikuwa bado uko wazi ingawa jua lilikuwa limezama kitambo. Akamshika mkono asianguke. Binti aliitazama ile saa nyekundu, kisha akamtazama baba yake.

"Hukuuliza?"

"Redio ilisema..."

"Sijauliza redio ilisema nini. Wewe hukuuliza?"

Dakika akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza mji ule ulipomwona ni mzee.

Nyumbani walikula chini ya saa ya kampuni. Binti alilala mapema. Dakika akabaki anaisukuma sahani huku na huku. "Mimi sikutaka kushinda," alimwambia mkewe.

"Najua," mkewe akasema. "Lakini umeshinda. Kula chakula."

Asubuhi binti aliondoka kwa basi la kwanza. Mama alimsindikiza mpaka stendi. Dakika alikuwa ametangulia, amevaa shati lake la kazi la zamani, na alipowaona alianza kunyoosha kola kama anayeitwa ofisini. Baiskeli ikapandishwa juu. Binti akaketi kiti cha mbele, karibu na mlango. Dereva alikuwa yule yule aliyekuwa kondakta siku ya Kati; sasa naye alikuwa na mvi.

Dakika aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi na kuushika mlango. "Mwanangu, subiri kidogo. Nataka niseme. Niseme hapa hapa, mbele ya watu, na mama yako yupo."

Mama alisogea, akasimama akiwa ameushikilia mwavuli kifuani. Stendi ilikuwa na watu kiasi, na waliokuwa karibu wakageuka.

"Siku ile," Dakika akasema. "Mama watoto, siku ile pale Kati, mimi..."

Akakwama pale pale alipokuwa akikwama siku zote. Midomo ilitikisika, haikutoka sauti. Injini ilikuwa inanguruma. Abiria mmoja huko nyuma akasonya, mwingine akauliza kama wanaondoka leo au kesho. Dereva aliitazama saa ya dirisha la tiketi, akaona muda umeshapita, lakini heshima ikamzuia. Akakunja mikono juu ya usukani na kumngoja mzee wake. Basi hilo halikuwahi kumngoja mtu yeyote.

"Mimi," Dakika akasema tena.

"Baba," binti akamkatisha, tena kwa upole, kwa sauti anayowasemesha nayo wagonjwa. "Hayo tulikubaliana hayasemwi tena. Tulipeana mikono." Kisha akageukia mbele. "Dereva, muda umefika."

Dereva alimtazama Dakika, akangoja kama ataondoa mguu. Akauondoa. Mlango ukafungwa, basi likakata kona ya kibanda cha magazeti, likashika barabara ya jangwani. Dakika alijua kabisa kwamba kwenye kioo cha pembeni alikuwa anaonekana vizuri.

Alipogeuka kumtafuta mkewe, mkewe alikuwa ameshafungua mwavuli na kuanza kurudi nyumbani. Hakuwa anakwenda haraka. Hakusimama pia.